Wasomaji wenzangu wameruka mahali pasiporukwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu maoni ya wasomaji mliyoyachapa katika ukurasa wa vitabu Jumapili mbili zilizopita, kuhusu riwaya ya Agatha Christie ya mauaji yaliyotokea ndani ya treni ya Orient Express. Nimeyasoma maoni hayo mara tatu: mara ya kwanza kwa furaha, kwa kuwa sikutegemea kwamba kitabu kilichotoka Uingereza mwaka 1934 bado kinaweza kuwagombanisha watu wa Kongwa, Singida na Mpwapwa katika gazeti la Kiswahili, mara ya pili kwa mashaka, na mara ya tatu nikiwa na kalamu mkononi. Karibu wote walioandika walikubaliana juu ya mambo mawili. La kwanza ni kwamba sehemu ya katikati, ambamo mpelelezi Hercule Poirot anawahoji abiria mmoja baada ya mwingine, inachosha, na msomaji anaweza kuiruka bila hasara. La pili ni kwamba mwisho wake ni wa haki tupu, na laiti mahakama zetu nazo zingekuwa zinaamua hivyo. Mimi naona kinyume chake kabisa: walichokiruka ndicho chenye thamani, na walichokishangilia ndicho cha kutiliwa shaka.

Kabla sijaendelea, nimtake radhi msomaji ambaye hajakisoma kitabu hiki. Barua yangu haiwezi kusema lolote la maana bila kutaja nani aliyeua. Anayetaka kuonja utamu wa kutojua na aufunike ukurasa huu sasa hivi, akakitafute kitabu, kisha arudi, gazeti halichachi. Mimi nilikisoma kwa Kiingereza, maana kwa Kiswahili sijawahi kukiona katika maduka ya hapa Dodoma, na kwa jinsi majina ya abiria yalivyokuwa yakinichanganya ilinibidi niyaandike nyuma ya bahasha kuukuu na kuiweka ndani ya jalada, kila jina na namba ya chumba chake.

Nijieleze kidogo, ili msomaji ajue jicho ninalotazamia. Kwa miaka 31 nilikuwa karani na mkalimani mahakamani katika kanda hii ya kati. Miaka ile ya mwanzo wazee wengi walioitwa kutoa ushahidi hawakuwa na Kiswahili cha kutosha kusimulia mambo mazito, nami nilisimama kati yao na hakimu, nikikigeuza Kigogo kuwa Kiswahili na Kiswahili kuwa Kigogo, kuanzia asubuhi hadi shauri lilipoahirishwa. Kazi hiyo humfundisha mtu kusikia jambo moja likisimuliwa na watu saba kwa namna saba bila kupiga miayo. Pengine ndiyo sababu kitabu hiki kilinikamata pale pale kilipowachosha wenzangu.

Kwa waliosahau, kisa chenyewe ni hiki. Treni inaondoka Istanbul wakati wa baridi kali kuelekea magharibi mwa Ulaya, inakwama kwenye theluji kati ya Vinkovci na Brod, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Yugoslavia, na asubuhi abiria mmoja, Mmarekani tajiri anayejiita Ratchett, anakutwa chumbani mwake amekufa akiwa na majeraha 12 ya kisu. Mlango umefungwa kwa ndani, dirisha liko wazi, na theluji iliyo nje haina hata unyayo mmoja. Aliyeua hana pa kwenda, kwa hiyo bado yumo behewani. Bouc, mkurugenzi wa kampuni ya treni na rafiki wa siku nyingi wa Poirot, anamwomba amsaidie kabla polisi hawajafika, na Poirot anajiweka katika behewa la chakula, anaomba karatasi, na kuanza kuita watu.

Hapo ndipo wenzangu waliposinzia. Sehemu ya pili ya kitabu inaanza na sura 12 mfululizo, na kila moja ni ya shahidi mmoja, isipokuwa ile ya bwana na bibi kutoka Hungaria ambao wamewekwa pamoja. Mwanafunzi mmoja wa chuo hapa hapa Dodoma ameziita sura hizo foleni ya benki. Ni kweli kwamba maswali yanarudiwa: ulikuwa wapi, ulilala saa ngapi, ulisikia nini, unamfahamu marehemu. Lakini aliyewahi kukaa mahakamani hata siku moja anajua kwamba swali hurudiwa makusudi. Mtu aliyedanganya anaweza kuutunza uongo wake mwenyewe vizuri sana. Asichoweza kuutunza ni uongo wa mwenzake, na swali lile lile likiulizwa kwa watu 12 ndipo nyuzi zinapoanza kuachana.

Nitoe mfano mmoja. Miongoni mwa abiria yumo mwanamke wa Kijerumani anayeitwa Hildegarde Schmidt, ambaye amejitambulisha kuwa mtumishi wa chumbani wa mwanamfalme mzee wa Kirusi, yaani kazi yake ni nguo, nywele na masanduku ya bibi yake. Baada ya mahojiano yake, mizigo inapokaguliwa, Poirot anamwambia, kama mtu anayemtuliza tu, kwamba anajua yeye ni mpishi hodari. Mama wa watu anajibu kwamba ndiyo, mabibi zake wote wamekuwa wakimsifu hivyo. Jibu limekwisha kutoka na haliwezi kurudi. Mtumishi wa kupiga pasi na kuchana nywele anasifiwa upishi na mabibi wote kwa lipi? Basi mtu huyu aliwahi kuwa mpishi katika nyumba fulani, na anaificha nyumba hiyo. Aliyeiruka sehemu hiyo anafika mwisho wa kitabu anaambiwa kwamba alikuwa mpishi, anaguna, anasema mwandishi amelazimisha mambo. Hajalazimisha. Aliliweka jambo hilo mezani mbele yetu sote, sisi tukalipita.

Jambo la namna hiyo nililiona kwa macho yangu. Katika shauri moja la wizi wa mbuzi, mzee mmoja alikana kwa kiapo kwamba hajapata kumwona mnyama anayeshtakiwa kumpokea. Hakimu hakubishana naye. Alimuuliza habari za malisho, habari za ukame wa mwaka ule, habari za fisi, na mzee, ambaye alipenda sana mazungumzo, akajikuta anasema kwamba fisi hawakuwa wengi, ndiyo maana hata yule mwenye sikio lililokatwa alilala nje siku mbili asiguswe. Hakuna aliyekuwa ametaja sikio. Kielelezo chenyewe kilikuwa bado kimefungwa nyuma ya jengo kikila majani. Nilipolitafsiri jibu lile, nilimwona hakimu anaweka kalamu chini na kumtazama mzee kwa kitu kilichofanana na huruma.

Kuna na habari ya leso. Chumbani mwa marehemu imeokotwa leso ya gharama kubwa iliyotariziwa herufi H, na upelelezi mzima unamtafuta mwanamke ambaye jina lake linaanza na H. Kumbe mwenye leso ni yule mwanamfalme wa Kirusi, anaitwa Natalia, na katika maandishi ya Kirusi sauti ya N huandikwa kwa alama inayofanana na H yetu. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu sebuleni, kwa kuwa niliwahi kuona shauri la shamba likiahirishwa mara mbili kwa sababu jina la mdai lilikuwa limeandikwa kwa Ch katika hati moja na kwa C tupu katika nyingine, kama Wagogo wengi walivyofundishwa kuandika na wamisionari, na wakili wa upande wa pili akashikilia kwamba hao ni watu wawili.

Nadhani tatizo la wenzangu ni mazoea. Kizazi changu kililelewa na Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla, ambaye silaha zake zilikuwa kiko, kiti na maswali. Waliokuja baadaye wakalelewa na Willy Gamba wa Elvis Musiba, ambaye hukai naye kurasa tano kabla risasi haijalia. Sina ugomvi na Willy Gamba, wala sidhani kwamba angeweza kukaa siku moja katika treni ya Poirot bila kuruka dirishani. Ila msomaji anayesubiri mlio wa bastola katika behewa la chakula hawezi kuusikia mlio mdogo wa mpishi akijisaliti. Waliotengeneza filamu ya mwaka 1974 waliujua utamu huu: mwigizaji Ingrid Bergman alipata tuzo ya Oscar kwa nafasi ya mmisionari wa Kiswidi katika filamu hiyo, na karibu yote anayoyafanya ni kuhojiwa, amekaa kitini, kamera imemkazia uso bila kukatizwa.

Katika hoja moja nakubaliana na msomaji wa Singida, aliyelalamika kwamba kitabu kinawapima watu kwa makabila yao ya Ulaya. Bouc haachi kurudia kwamba muuaji ni yule Mwitaliano, kwa sababu eti Waitaliano ndio watu wa visu, na mwandishi anatuchekesha kwa ukaidi wake. Laiti angeishia hapo. Lakini hata Poirot, ambaye ndiye mwenye akili humo ndani, anajibu kwamba kazi hii anaiona kuwa ya kichwa kilichotulia cha watu wa asili ya Kiingereza, kana kwamba utulivu nao una pasipoti. Kosa hilo ni la mwandishi, si la mhusika, na sioni sababu ya kulifunika.

Sasa nije kwenye mwisho, ambao ndio hasa ulionifanya nitafute karatasi.

Poirot anagundua kwamba Ratchett jina lake halisi ni Cassetti, na kwamba miaka michache nyuma huko Marekani ndiye aliyeongoza kundi lililomteka nyara mtoto wa kike wa familia ya Armstrong, akachukua fedha za fidia na hata hivyo mtoto akauawa. Mama wa mtoto alikufa kwa mshtuko, baba akajiua. Cassetti alikamatwa, lakini kwa utajiri wake na kwa siri za wakubwa alizokuwa amezishika, aliachiwa kwa kasoro ya kiutaratibu. Abiria wa behewa lile, pamoja na mhudumu wa behewa mwenyewe, karibu wote walihusiana na nyumba ile ya Armstrong, kwa damu, kwa urafiki au kwa utumishi. Watu 12 kati yao walipanga safari, wakamlevya dawa, wakaingia mmoja mmoja gizani, na kila mmoja akachoma mara moja. Poirot anawakusanya wote na kuweka mezani maelezo mawili: moja la uongo, kwamba mgeni alipanda treni, akaua na kushuka, na jingine la kweli. Bouc anachagua la uongo, daktari wa Kigiriki anaunga mkono, na Poirot anatangaza kwamba amejitoa katika shauri. Kitabu kinafungwa.

Msomaji wa Mpwapwa ameandika kwamba alipofika hapo alisimama akapiga makofi, kwa sababu, kwa maneno yake, mwenye fedha hafungwi, na safari hii angalau amepatikana. Simbezi hata kidogo. Nimefunga majalada ya mashauri ambayo mshtakiwa alitoka huru kwa sababu hati ya mashtaka iliandikwa vibaya au shahidi hakuonekana, na nimemwona mama wa marehemu akibaki kwenye benchi la nje mpaka mlinzi alipokuja kufunga geti, hajui aende wapi. Mtu aliyemwona mama yule hawezi kumwambia msomaji wa Mpwapwa kwamba hasira yake ni ya bure. Mwandishi naye alijua anapogusa: mwaka 1932 mtoto mdogo wa rubani mashuhuri Charles Lindbergh alitekwa nyara nyumbani kwao huko Marekani na baadaye akakutwa amekufa, na kitabu hiki kilipotoka mwanzoni mwa mwaka 1934 hakuna mtu aliyekuwa amekamatwa kwa mauaji yale, mshtakiwa alipatikana Septemba mwaka huo huo. Wasomaji wa kwanza walikisoma wakiwa na kidonda kibichi. Cassetti alikuwa mtu waliyetamani kumshika.

Lakini hebu tulitazame baraza lenyewe kama ambavyo karani yeyote angelitazama kabla ya kuita shauri. Bouc ni mkurugenzi wa kampuni ya treni. Kwake yeye, maelezo ya mgeni aliyepanda na kushuka ndiyo yenye aibu ndogo kwa kampuni, kwani yanamwokoa mhudumu wake na abiria wake wa daraja la kwanza. Mahakamani angeambiwa ajitoe kabla hajakaa. Poirot mwenyewe, siku moja kabla ya kifo, aliombwa na Ratchett amlinde kwa malipo ya dola 20,000, akakataa akimwambia kwamba uso wake haumpendezi. Hata huyu, basi, alikuwa na lake moyoni. Anayebaki ni daktari, ambaye saa chache zilizopita alikuwa hamjui mtu yeyote humo ndani. Watatu hao ndio waliotoa hukumu ambayo wasomaji wetu wanaitamani kwa mahakama za Tanzania.

Abiria nao walijihesabu wawe 12 kwa mfano wa baraza la raia ambalo huko Uingereza na Marekani huamua kama mtu ana hatia. Hapa Bara hatuna baraza la namna hiyo. Tunachokijua sisi ni washauri wa mahakama, ambao wengi huwaita wazee wa baraza, ambao kwa miaka mingi walikaa na hakimu au jaji na kutoa maoni yao. Lakini liwe la 12 au la wawili, baraza husikiliza kwanza. Hawa 12 hawakumsikiliza Cassetti. Walimlevya asiweze hata kuamka. Poirot anasema kwamba hata wao wenyewe hawatajua ni pigo la nani lililoua, kwa sababu mengine yalikuwa mikwaruzo tu na mengine yaliingia mwilini mtu akiwa amekwisha kufa. Msomaji wa Kongwa ameliona hilo kuwa ni ujanja mzuri, kwamba hakuna anayeweza kunyoshewa kidole. Kwa sheria zetu angenyoshewa kila mmoja: Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inawashika wote walioungana kwa nia moja kutenda kosa, bila kuuliza ni mkono upi uliofanya nini, na adhabu ya kuua kwa kukusudia wote tunaijua.

Na kuna mtu mmoja katika kitabu hiki ambaye hakuna hata msomaji wenu mmoja aliyemtaja. Jina lake ni Susanne. Alikuwa yaya katika nyumba ya Armstrong. Mtoto alipotekwa, polisi walimshuku kwamba alishirikiana na watekaji; alikana, hawakumwamini, na kwa kukata tamaa akajirusha dirishani akafa. Baadaye ikabainika kwamba hakuhusika kwa lolote. Anatajwa kwa mistari michache, mapema sana, nami nadhani wengi walimpita kama wanavyopita stesheni ambayo treni haisimami. Baba yake ndiye Pierre Michel, mhudumu wa behewa, mmoja wa wale 12.

Mhudumu yule amenisumbua kuliko abiria wote. Huyu ni mtu aliyempoteza binti kwa sababu watu walijidai kuwa na uhakika wasiokuwa nao. Kama yupo mtu duniani aliyestahili kukiogopa kile kisu, ni yeye, na bado alikishika. Mwandishi hasemi lolote juu ya hilo. Anamwacha Michel amesimama kwenye ushoroba na sare yake ya kampuni. Siwezi kusema kama alinyamaza kwa kukusudia au jambo lilimponyoka. Ninachojua ni kwamba wale 12 walibahatika kitu kimoja ambacho umati hauna kwa kawaida: walimpata mtu mwenyewe. Katika magazeti yetu tunasoma kila wakati kwamba fulani ameuawa na wananchi wenye hasira kali, na tumesoma miaka nenda miaka rudi habari za vikongwe waliouawa kwa uchawi kwa sababu macho yao ni mekundu, macho yaliyokuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Wote hao waliuawa na watu waliokuwa na uhakika.

Watafiti wa maisha ya Christie wanakumbusha kwamba mwaka 1929 treni ya Orient Express ilikwama kweli kwenye theluji huko Çerkezköy, Uturuki, kwa siku kadhaa, na kwamba mwishoni mwa mwaka 1931 yeye mwenyewe alikwama ndani ya treni hiyo akirudi kutoka Iraki, safari hiyo si kwa theluji bali kwa mvua kubwa iliyokuwa imesomba reli. Niliposoma habari hiyo ya pili nilikishusha kitabu. Theluji siijui, ila reli iliyosombwa na mvua mtu yeyote wa Reli ya Kati anaijua, hasa kipande kile cha kati ya Kilosa na Gulwe, ambacho mto hukila kifuku baada ya kifuku.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 1998, kifuku cha El Niño. Nilikuwa natoka Dar es Salaam kumsalimu dada yangu, nimepanda daraja la tatu. Treni ya siku hizi ya SGR inatufikisha Dodoma kabla hata mtu hajamaliza kujuana na jirani yake, kwa hiyo vijana huenda wasielewe ninachosema: zamani behewa lilikuwa kijiji. Alfajiri, kabla ya Gulwe, tulisimama. Mbele yetu tuta lilikuwa limeliwa na maji, reli zimebaki zikining'inia na mataruma yake kama ngazi iliyolazwa hewani. Tulikaa pale siku mbili. Siku ya kwanza ilikuwa ya udugu. Watu waligawana ugali, karanga, maji ya mvua yaliyokingwa kwa ndoo kutoka kwenye paa la behewa. Siku ya pili, mfanyabiashara mmoja wa mbuzi aliyekuwa anakwenda mnadani aliamka akapapasa kiunoni, akapiga kelele kwamba pochi yake haipo, na ndani yake mlikuwa na shilingi 180,000.

Mlangoni alikuwa amekaa kijana mmoja asiyekuwa na mzigo. Hakuwa na kosa jingine nililolijua wakati ule wala baadaye. Mtu mmoja alisema alimwona akipita karibu na yule bwana usiku. Wa pili akasema hata yeye. Wa tatu hakusema kitu, alimzaba kofi. Baada ya hapo sikuona tena ila migongo. Mimi, karani wa mahakama, ambaye kazi yangu ilikuwa kuita mashahidi, nilikuwa nimeshika mkanda wa begi langu nikitazama dirishani.

Aliyewazuia alikuwa mama mmoja wa makamo, muuza vitenge. Alipenya katikati yao akasimama mbele ya kijana, akasema, "Jamani, baba zangu, hakuna atakayemgusa tena huyu mtoto wa mwenzangu mpaka kila mtu aseme alikuwa wapi tangu Kilosa. Tuanze na mimi." Akaanza na yeye kweli. Kisha akaenda kiti kwa kiti, na mtu aliyejibu kwa mkato alimrudia. Ilichukua muda mrefu, na wapo walionung'unika kwamba anawachosha. Alipofika kwa binti wa yule mfanyabiashara, mtoto wa miaka sita hivi ambaye hakuna aliyekuwa amemkumbuka, akainama akamuuliza, "Na wewe, mama, ulikuwa wapi?" Mtoto akasema alikuwa amelala, pochi ya baba ikamwangukia, naye akaiweka kwenye sufuria isipotee. Sufuria ilikuwa chini ya kiti, imefungwa kanga.

Waliompiga kijana yule, kwa hesabu niliyoipiga baadaye, walikuwa tisa au kumi. Hakuna hata mmoja aliyeweza kusema ni kofi la nani lililompasua sikio. Sikusikia mtu akimwomba radhi, na mimi mwenyewe sikumwomba. Reli ilipotengenezwa tukaondoka, naye akashuka Igandu akiwa na kiatu kimoja. Cha pili tulikikuta Dodoma, chini ya kiti changu.

Nakala yangu ya kitabu nimemkabidhi mpwa wangu anayefundisha sekondari, naye yuko tayari kumwazima msomaji yeyote wa hapa mjini atakayewasiliana nanyi. Bahasha yenye majina ya abiria nimeiacha ndani ya jalada. Kwa wale walioruka katikati na wasio na subira ya kurudia kitabu kizima, nimekunja kona ya ukurasa pale anapoitwa Hildegarde Schmidt, waanzie hapo.

Ni mimi,
Karani mstaafu wa mahakama,
Makole, Dodoma.